Alazwe au arudi nyumbani?

Usiku wa Jumamosi, kwenye mapokezi ya dharura ya hospitali ya rufaa ya mkoa, watu watatu wanamtazama majeruhi mmoja na kila mmoja anaona kitu chake. Ndugu waliomleta kijana aliyeanguka na bodaboda wameona damu, wameona suruali iliyochanika na goti lililochunika, na wanataka kusikia neno moja tu: analazwa. Kwao kulazwa ni heshima ya jeraha, ni dalili kwamba hospitali imelichukua jambo kwa uzito. Kijana mwenyewe anaomba lisemwe jingine. Pikipiki si yake, iko kwenye mkataba, na mwenye chombo anasubiri hesabu ya kila siku, dereva awe mzima awe mgonjwa. Daktari wa zamu yeye anatazama mboni za macho, anahesabu mapigo ya moyo, anamwambia achezeshe vidole vya mguu, anabonyeza tumbo. Kisha anawaza wodi yake, ambako tayari kuna kitanda chenye wagonjwa wawili.

Mvutano huo humalizwa ndani ya dakika chache, na mara nyingi humalizwa na mwenye sauti kubwa. Ndiyo sababu inafaa kuujadili mchana, watu wakiwa wametulia.

Kitanda cha hospitali peke yake hakitibu kitu. Kinachotibu ni kazi inayofanyika juu yake na kando yake: dripu, oksijeni, dawa za mshipani, safari ya kwenda chumba cha upasuaji, na kuliko vyote hivyo, jicho la mtu anayejua anachokitafuta. Kwa hiyo ukubwa wa jeraha hautoshi kuamua. Linaloamua ni hili: usiku wa leo, hapa wodini, mgonjwa atafanyiwa nini ambacho nyumbani kwake hakiwezekani? Ikiwa hakuna, arudi nyumbani hata kama uso wote umevimba. Ikiwa kipo, abaki hata kama anatembea, anataniana na wenzake na anaomba chaja ya simu.

Macho ya kawaida hayawezi kuamua hilo, maana majeraha yanayotisha na majeraha yanayoua hayafanani. Ngozi ya kichwa ikipasuka humwaga damu hadi shati lote likaloa, lakini ikiwa akili iko sawa na mfupa ni mzima, tiba ni nyuzi kadhaa, sindano ya pepopunda na safari ya kurudi kwao. Kifundo cha mkono kilichovunjika na kupinda kinaweza kunyooshwa, kikafungwa P.O.P, lile hogo tunalolijua, na mgonjwa akala chakula cha jioni mezani kwake. Sasa mchukue mwingine, amevunjika mfupa wa muundi, na juu ya pale palipovunjika kuna tundu lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Damu imekwisha kukauka. Ndugu wanasema afadhali huyu, hana kidonda.

Huyo ndiye wa kulazwa. Tundu lile lina maana kwamba mfupa ulitoka nje, ukagusa lami au udongo, ukarudi ndani na uchafu wake. Mwaka 1976 madaktari Ramón Gustilo na John Anderson wa Marekani walichapisha uchunguzi wao wa mivunjiko ya wazi zaidi ya 1,000 na kuipanga kwa madaraja. Daraja la kwanza kabisa, lililo jepesi, ni kidonda kisichofika sentimita 1. Hata hilo jepesi linadai dawa za kuua bakteria mapema, ndani ya saa za mwanzo, kisha kuoshwa vizuri chini ya dawa ya usingizi. Ukimwandikia vidonge na kumruhusu, unamfungulia mlango wa usaha ndani ya mfupa, ugonjwa unaoweza kumsumbua miaka.

Na hata muundi uliovunjika bila tundu lolote una usiku wake wa kwanza wa kuogopwa. Misuli ya chini ya goti imefungwa ndani ya ala ngumu zisizotanuka. Ikivimba humo, shinikizo hupanda mpaka damu ishindwe kupita kwenye mishipa midogo, na misuli ikikosa damu kwa takriban saa 6 huanza kufa. Dalili ya mapema ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi badala ya kupungua, yanayomfanya mtu apige kelele ukimnyoosha vidole tu. Mgonjwa wa namna hiyo akiwa wodini, hogo linapasuliwa hapo hapo, au anakimbizwa kwenye upasuaji wa kufungua ala zile. Akiwa nyumbani anaambiwa avumilie, ndivyo mifupa inavyouma, na jirani anamletea vidonge vya maumivu. Asubuhi vidole havina hisia.

Hakuna jeraha linalodanganya kuliko la kichwa. Pembeni, juu kidogo ya sikio, mfupa wa fuvu ni mwembamba, na kwa ndani unapitiwa na ateri. Fuvu likipasuka hapo, ateri inaweza kuchanika na damu ikaanza kujikusanya kati ya mfupa na utando wa ubongo. Mwanzoni nafasi ya kujikusanyia ipo. Mtu aliyezimia dakika moja barabarani anazinduka, anauliza pikipiki iko wapi, anataja jina la mkewe na siku ya leo. Watu wanamshukuru Mungu. Baada ya muda, pengine saa moja, pengine saa kadhaa, kichwa kinaanza kumuuma sana, anatapika, anasinzia, mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko ya pili. Akimfikia daktari wa upasuaji mapema, fuvu linatobolewa, damu inatolewa, na wengi hupona kabisa. Akichelewa anakufa kwa jeraha lililokuwa na tiba.

Dunia nzima ilikumbushwa jambo hili Machi 2009. Mcheza filamu wa Uingereza, Natasha Richardson, mwenye umri wa miaka 45, alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Mont Tremblant, Kanada. Aliinuka, akazungumza vizuri, na gari la wagonjwa lililokuja likaondoka bila yeye. Saa chache baadaye hali ilibadilika. Siku mbili baada ya kuanguka alifariki mjini New York, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ni damu ile ile, kati ya fuvu na utando. Hakukosa pesa wala hospitali. Alikosa tu kuangaliwa saa zile za mwanzo.

Tangu mwaka 1974 madaktari wana kipimo rahisi cha kuangalia ubongo unavyokwenda, kilichotungwa Glasgow na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Unapima namna mgonjwa anavyofungua macho, anavyojibu, na anavyochezesha viungo. Mzima ana alama 15, aliye taabani kabisa ana 3, na kuanzia 8 kushuka hawezi hata kuilinda njia yake ya hewa. Thamani ya kipimo hiki haimo katika alama ya mara ya kwanza. Imo katika kurudia. Aliyekuja na 14 akapanda 15 anaelekea nyumbani. Aliyekuja na 15 akashuka 13 anaelekea chumba cha upasuaji.

Kwa nchi zenye siti skani kila kona, Ian Stiell na wenzake wa Kanada walitoa mwaka 2001 kanuni ya kuamua nani apigwe picha hiyo kati ya waliozimia, waliopoteza kumbukumbu au waliochanganyikiwa baada ya kuumia. Apigwe mwenye miaka 65 au zaidi, aliyetapika mara mbili au zaidi, asiyekumbuka nusu saa au zaidi ya yaliyotokea kabla ya ajali, mwenye dalili za kuvunjika kitako cha fuvu kama maji au damu kutoka sikioni, na asiyerudi kwenye 15 ndani ya saa 2. Apigwe pia mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari, na mtu aliyerushwa nje ya gari. Picha ikiwa safi, akili ikiwa timamu, na nyumbani kukiwa na mtu mzima wa kumwangalia, hakuna haja ya kulala hospitali.

Lakini hospitali nyingi za wilaya katika eneo letu hazina skani, na ile ya karibu inaweza kuwa saa nyingi kwa barabara. Hapo hesabu inageuka. Skani ikikosekana, kumwangalia mgonjwa kwa saa 24 ndiyo skani yake. Kulazwa ambako daktari wa Toronto angekuita kupoteza kitanda, kwa daktari wa hospitali kama hizo ni kipimo pekee alicho nacho.

Hapo panahitajika ukweli mmoja usiopendeza. Kuangaliwa maana yake ni muuguzi kuja na tochi kila baada ya nusu saa mwanzoni, kumwamsha mgonjwa, kuandika alama, kulinganisha na zile za awali. Mahali ambapo muuguzi mmoja anashika wodi iliyojaa hadi kwenye korido, jambo hilo mara nyingi halifanyiki. Mgonjwa aliyelazwa ili aangaliwe, kisha akaachwa hadi raundi ya asubuhi, amebadilishiwa tu mahali pa kulala. Ningependa kuona ndugu mmoja anaruhusiwa kukaa naye usiku huo akiwa amefundishwa maswali matatu ya kuuliza na dalili za kukimbilia kumwita muuguzi. Wodi zetu zimejaa ndugu wanaofua, wanaolisha, wanaobadilisha shuka, na tunawafukuza saa ya kutazama wagonjwa ikiisha.

Kuna pia suala la pombe. Mlevi aliyegonga kichwa huwekwa kwenye benchi alale, kwa kuwa kalewa tu. Naam, kalewa, lakini pombe haimkingi na damu ndani ya fuvu, na mtu mwenye harufu ya gongo mdomoni asiyeamka vizuri anastahili wasiwasi mkubwa zaidi, kwa kuwa hatuwezi kujua usingizi wake unatoka wapi. Wale wa upande wa pili, majumbani, wana imani kwamba aliyeumia kichwa asilale usingizi kabisa, na nimeona watu wakimpiga kijana makofi mpaka alfajiri. Aliyekwisha kupimwa na kuruhusiwa anaweza kulala. Anachohitaji ni kuamshwa kwa vipindi kama alivyoagiza daktari, aseme jina lake, aseme yuko wapi. Akiamka na hasira kwa kusumbuliwa, hiyo ni habari njema.

Paja ni habari nyingine kabisa. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu mzima anaweza kuvuja lita 1 hadi lita 1 na nusu za damu ndani ya nyama ya paja bila tone kuonekana nje, na mwili mzima una takriban lita 5. Hapo hakuna anayebishana kuhusu kulazwa. Kinachobishaniwa, au tuseme kinachopaswa kubishaniwa, ni muda.

Kwa njia ya zamani, msumari mwembamba wa chuma unapitishwa kwenye mfupa chini ya goti, unafungwa kamba inayopita juu ya kapi mwisho wa kitanda, na kamba inaning'inizwa uzito. Uzito unavuta, misuli inalegea, mfupa unajipanga na kuunga taratibu. Ni njia ya busara na imeokoa wengi. Lakini inamweka mtu chali wiki 6, hadi 12. Misuli inasinyaa, goti linakakamaa, mguu mara nyingine unaunga ukiwa mfupi au umepinda. Na katika hospitali zetu mgonjwa halazwi peke yake. Kuna mama au mke aliyeacha shamba, aliyeacha genge la nyanya, anayelala chini ya kitanda kile kwa miezi.

Jibu la tatizo hilo lilipatikana zamani. Mjerumani Gerhard Küntscher wa Kiel alianza mwaka 1939 kupitisha fimbo ya chuma ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, kuanzia nyongani kwenda chini. Vita vilifunika kazi yake. Wenzake wa upande wa pili waliijua kwa mshangao pale wanajeshi wao waliokuwa mateka Ujerumani waliporudi nyumbani, picha za eksirei zikaonyesha chuma kirefu ndani ya mapaja yao, nao wakasimulia kwamba walitembea ndani ya wiki chache. Tatizo la chuma hicho kwa nchi maskini lilikuwa ni vifaa: vyuma vya kisasa vinavyofungwa kwa skrubu vinahitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji ili daktari aone tundu la skrubu liko wapi. Lewis Zirkle, daktari wa mifupa wa Marekani aliyewahi kufanya kazi Vietnam wakati wa vita, alianzisha mwaka 1999 shirika la SIGN katika mji wa Richland, jimbo la Washington, likatengeneza chuma ambacho daktari anaweza kukifunga kwa kutumia kiongozi cha nje na hisia ya mkono, bila mashine ile, na kukitoa bure kwa hospitali zilizojiunga. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ni miongoni mwa hospitali zinazokitumia.

Aliyewekewa chuma hicho bila matatizo mengine anaweza kuanza kukaa, kusimama na magongo na kuruhusiwa katika siku chache. Sasa tuseme mgonjwa wa paja amelala wodini siku 30. Je, siku zote 30 zilikuwa za lazima kitabibu? Mbili za mwanzo, ndiyo, za damu na maumivu. Nne au tano baada ya upasuaji, ndiyo. Zilizobaki katikati alikuwa akingoja: nafasi kwenye orodha ya upasuaji, damu ya akiba, ndugu wauze ng'ombe wakanunue vyuma. Amelala hospitali kwa sababu ya foleni, na foleni haiandikwi kwenye faili kama ugonjwa. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Boston, Paul Gertman na Joseph Restuccia, walitunga utaratibu wa kukagua faili siku kwa siku: jana mgonjwa alifanyiwa nini kilichohitaji hospitali? Siku ya kuingia inahukumiwa peke yake, na kila siku inayofuata peke yake. Ukaguzi wa namna hiyo ukifanywa kwa uaminifu katika wodi za mifupa za Afrika Mashariki, ninaamini utaonyesha kwamba mgonjwa mwenyewe hana kosa katika siku nyingi anazokaa. Kinachokosekana ni saa za upasuaji, na kuongeza vitanda bila kuongeza meza za upasuaji kutatupa tu foleni iliyolala vizuri zaidi.

Foleni hiyo ina wanufaika wengine. Waganga wa kuunga mifupa kwa mabanzi na mafuta hawapati wagonjwa kwa sababu watu ni wajinga. Mtu aliyeambiwa atalala chali miezi miwili, mbali na kwake, kwa gharama asiyoijua, na mganga yuko kijijini akikubali kulipwa kuku kwanza, anafanya hesabu kama mfanyabiashara yeyote. Anasaini kwamba anaondoka kwa hiari. Baadhi ya wagonjwa hao hurudi, banzi limekaza mno, mguu umeoza.

Kitanda chenyewe nacho kina madhara yake. Desemba 1947 daktari Mwingereza, Richard Asher, aliandika katika jarida la madaktari wa nchi yake makala fupi kuhusu hatari za kulala kitandani: damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, vidonda vya mgongoni, viungo kukakamaa, mifupa kupoteza madini, choo kigumu, moyo kukata tamaa. Wakati ule kupumzika kitandani kulikuwa tiba ya karibu kila kitu, na aliyeyasema hayo alionekana mkorofi. Asher huyu ndiye mwaka 1951 aliyeupa jina ugonjwa wa watu wanaojisingizia maradhi ili walazwe, kwa hiyo alikuwa akiufahamu mvuto wa kitanda kwa pande zote.

Wanaoumizwa zaidi na kitanda ni wazee. Bibi ameteleza bafuni, nyonga imevunjika, mguu umefupika na umegeukia nje. Familia inaamua apumzike kwanza, umri wake ni mkubwa, hospitali zitamchosha. Uamuzi huo una upendo ndani yake na unaua, maana bibi asiyeweza kuinuka atapata homa ya mapafu au kidonda cha mgongo kabla mfupa haujafikiria kuunga. Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2011 unataka mzee wa namna hiyo afanyiwe upasuaji siku anayolazwa au siku inayofuata. Analazwa haraka ili asilale.

Kuhusu tumbo nitaeleza mfano mmoja tu, wa bandama, kiungo kinachopasuka kirahisi zaidi kwa watu ambao malaria imekikuza. Mtoto ameanguka kutoka mwembeni, ameangukia ubavu wa kushoto, analalamika bega la kushoto ambalo halina hata mkwaruzo: bandama imepasuka. Zamani bandama iliyopasuka ilitolewa moja kwa moja. Katika hospitali ya watoto ya Toronto madaktari walithubutu kungoja na kuangalia, na mwaka 1968 wakaandika kwamba watoto wengi hupona bila kisu. Kuanzia hapo siku za wodini zimekuwa zikipungua. Mwaka 2000 madaktari wa upasuaji wa watoto wa Marekani walipendekeza siku sawa na daraja la jeraha ukiongeza moja. Daraja la tatu, siku 4. Baada ya hapo hospitali kadhaa zimeshusha hadi usiku mmoja au miwili kwa mtoto ambaye mapigo yake ya moyo na damu yake vimetulia. Mwili wa mtoto haujabadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni uhakika wa madaktari, pamoja na uhakika kwamba mzazi ana gari na barabara ya kumrudisha.

Na pesa? Anayelipa kwa usiku hununua siku nyingi, anayelipa kwa ugonjwa hununua siku chache. Marekani waliliona hilo mwaka 1983, Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilipoanza kuzilipa hospitali kiasi kimoja kwa kila aina ya ugonjwa. Hospitali zikajifunza kuruhusu mapema. Tangu Oktoba 2013 wana kanuni ya usiku wa manane mara mbili: mgonjwa anayetarajiwa kuvuka saa sita za usiku mara mbili ndiye anayehesabiwa kuwa amelazwa, aliye chini ya hapo yuko kwenye uangalizi tu, hata kama kitanda ni kile kile na muuguzi ni yule yule. Wapo wazee waliolala hospitali, wakala uji wa hospitali, kisha wakaambiwa na karatasi kwamba hawakulazwa. Kenya imehamia mfuko mpya wa bima ya afya ya jamii tangu Oktoba 2024, na Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Bima ikienea, swali la daktari na ndugu litapata mtu wa tatu, aliye ofisini, asiyemwona mgonjwa, mwenye haki ya kuuliza na asiye na haki ya kukisia.

Wapo pia wanaotaka siku za wodini kwa ajili ya mahakama. Aliyegongwa na gari au kupigwa anafika na PF3, fomu ya polisi, mkononi, na mtaani inaaminika kwamba ukilazwa wiki mbili kesi inakuwa nzito. Sheria ya India ya mwaka 1860, iliyowahi kutumika Tanganyika na Kenya kabla ya sheria za makosa ya jinai za mwaka 1930, ilikuwa kweli na hesabu ya siku: maumivu makali au kushindwa kufanya shughuli za kawaida kwa siku 20 kulitosha kuliita jeraha kubwa. Sheria zilizoifuata hazina hesabu hiyo. Zinatazama jeraha lilivyoharibu afya au kiungo, na daktari ndiye anayejaza alichokiona. Kitanda hakimwongezei mlalamikaji ushahidi.

Halafu kuna wale ambao daktari amekwisha kuwaruhusu na bado wako wodini, kwa kuwa hawajalipa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya deni kulivunja haki zao za kikatiba. Walikuwa wazazi, si majeruhi, lakini mantiki ni moja, na aliyevunjika mguu huwa na deni refu zaidi. Kila usiku anaozuiliwa ni kitanda kilichonyimwa yule kijana wa Jumamosi mwenye kichwa cha kuangaliwa.

Tuseme basi kijana huyo amepimwa, ana 15, hajatapika, daktari anaona anaweza kuondoka. Kitu cha mwisho cha kuuliza hakimo mwilini mwake: anaishi wapi, analala na nani, na saa nane za usiku akianza kutapika atafikaje hapa? Anayeishi mtaa wa karibu na kaka yake aende. Anayepanga chumba peke yake, au anayetoka kijiji ambacho mvua ikinyesha mto hufunga barabara, abaki hadi kesho, na sababu hiyo iandikwe kwenye faili kwa maneno hayo hayo, bila kubuniwa ugonjwa wa kuridhisha bima. Umbali ni sababu ya kitabibu. Kwa kina mama serikali ya Tanzania imekwisha kulikubali hilo: mpango wa m-mama unampa mjamzito au mzazi mwenye dharura namba 115 ya bure, na dereva wa kijijini aliyesajiliwa anaitwa kumbeba pale gari la wagonjwa linapokosekana. Aliyepasuka kichwa katika kijiji hicho hicho hana namba ya namna hiyo. Atafungwa katikati ya watu wawili juu ya bodaboda nyingine, na mpaka hilo libadilike, daktari wa wilaya anayewalaza watu wengi kuliko vitabu vinavyotaka ana haki ya kuulizwa wanatoka wapi kabla hajaulizwa kwa nini.